Kimo cha Lori Tupu

Vijana wangu wa yadi, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani mkaniomba niseme neno. Nikasema asanteni, kuleni pilau lisipoe. Mlicheka, mkadhani Mzee Fito ni mtu wa maneno machache. Kusema kweli neno nilikuwa nalo, ila halikuwa la kusemwa mbele ya pilau. Nimeliandika hapa, na mtalikuta pamoja na daftari zangu kwenye kabati la vipimo.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua, ndio huo huo mnaoulalamikia ninyi. Nitaeleza kazi yenyewe, yaani kupima malori marefu kabla hayajapita chini ya daraja fupi, na kuyanasua yanapokwama kwa sababu hakuna aliyeyapima.

Asiyeijua yadi yetu ajue kwamba iko pembeni mwa mji wa Shinyanga, ng'ambo ya reli. Mizigo ya migodi ya Geita inashushwa hapo kutoka kwenye mabehewa na kupandishwa kwenye malori, na njia ya kutokea ni moja tu, chini ya daraja la reli lililojengwa enzi ambazo gari refu kuliko yote lilikuwa basi lenye magunia juu. Watu wanaliita Inama. Hakuna kibao chenye jina hilo, na madereva wa mbali hulijua baada ya kukwama.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vilivyong'arishwa, nikakuta lori la kreti tupu za soda limenasa chini ya Inama. Kundi la watu lilikuwa limeshajaa, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja alitaka barabara ichimbwe kwa jembe. Mwingine akashauri boriti za daraja zipakwe grisi. Mwalimu mmoja mstaafu alieleza kwa utaratibu kabisa kwamba tusubiri jua lishuke, chuma kitapoa na kusinyaa, na lori litatoka lenyewe. Dereva alikuwa amekaa kwenye jiwe ameshika kichwa.

Akaja Mzee Shija, ambaye alikuwa fundi wa reli kabla ya kuajiriwa yadi, na ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii yote. Hakumsalimia mtu. Alizunguka lori mara mbili, akaanza kutoa upepo kwenye matairi, kutoka nyuma kuja mbele, kidogo kidogo na kwa usawa, ili lori lisilalie upande mmoja. Lilishuka, lakini halikutosha. Ndipo akawageukia wale washauri akawaomba waning'inie kwenye tela, wale wenye matumbo wakianza. Walipanda huku wakicheka. Lori likashuka vidole viwili, dereva akarudi nyuma taratibu, na kreti zikatoka zikiwa nzima isipokuwa tatu.

Tukiwa tunajaza upepo, Mzee Shija aliniuliza kama nimeona lililotokea. Nikasema nimeona watu wamepanda lori.

"Ng'wanawane," aliniambia, maana kwa Kisukuma ndivyo mzee anavyomwita mwanawe, "lori lenye mzigo linakaa chini. Ukilishusha mzigo, linasimama. Mtu akikuuliza kimo cha lori, nawe muulize kwanza kama lina mzigo au ni tupu."

Basi hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, na nililipewa siku ya kwanza kabisa. Naomba mlikumbuke, kwa sababu huko mbele sitakuwa na pa kujifichia.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na futi kamba ya chuma, ubao mnyoofu wa kuweka juu ya kontena, timazi, chaki, na daftari. Halafu kulikuwa na fito, ndiyo iliyonipa jina. Ulikuwa mwanzi mrefu uliofungwa mbele ya pikapu, na juu yake kipande cha bati. Tuliupandisha ukawa mrefu kuliko mzigo kwa upana wa vidole viwili, kisha pikapu ikatangulia na lori likafuata. Bati likigusa kitu, linapiga kelele na msafara unasimama. Ninyi leo mna kile kipimo chenye taa nyekundu, unabonyeza na kinakupa namba. Ni kizuri, sikatai. Lakini nimekiona kikiachwa ndani ya droo siku nzima, na kikiwa humo kinapima droo tu.

Daraja tulilipima sehemu tatu. Katikati ya Inama palikuwa na mita nne na sentimita thelathini na tano. Kwa gari linalorudi yadi, upande wa kushoto palikuwa pafupi kwa sentimita nane, kwa sababu lami imeinuka. Kwa hiyo kila dereva alifundishwa kushika katikati, polepole, na mtu wa kuzuia magari upande wa pili. Kwenye daftari kila lori lilikuwa na safu mbili. Ya kwanza iliandikwa MZIGO, ya pili TUPU. Mzee Shija alizichora mwenyewe kwa rula, na alipostaafu alinikabidhi rula.

Kazi ilikuwa na vituko vyake. Kuna siku tulisindikiza mashine ya kuchimbia mpaka Geita, tukaingia kata ya Kalangalala watu wanatushangaa na kutupiga picha. Nikajua wanaisifu mashine. Kumbe mkono wake ulikuwa umebeba kibao cha saluni ya kike tulichokinyakua njiani, chenye picha ya mwanamke aliyesuka. Mwenye saluni alikuja kukifuata kwa basi siku ya pili. Tulimwomba radhi, akasema angalau sasa anajulikana mpaka Geita.

Nimeanza na hayo kwa sababu ni rahisi kuyasimulia. Sasa nisimulie la Baba Zawadi.

Jina lake ni Saidi, mtu wa Singida, aliyeoa Chato. Kati ya madereva wote niliowasindikiza, yeye ndiye niliyemwamini zaidi. Hakuwa na haraka, na alikuwa na tabia ya kushuka kwenye lori kila mara kabla ya daraja na kutembea chini yake kwa miguu, mikono nyuma, anaangalia juu. Wenzake walimtania kwamba anasali. Mimi aliniita Baba Nkwimba, kwa jina la binti yangu mkubwa, na tulikuwa tunagawana mihogo ya kuchoma pale Didia, njiani, kila safari.

Safari hiyo tulipeleka kontena refu la mipira ya chuma, ile inayotumika kusagia mawe migodini. Ni mzigo mzito kuliko unavyoonekana. Lori lilikuwa limekaa kabisa, springi zimenyooka. Nililipima yadi, mita nne na sentimita ishirini na tisa. Tulipita Inama kwa nafasi ya vidole vitatu, bati halikulia, na mchana tukawa mgodini.

Utaratibu ulikuwa kwamba mzigo ukishashushwa, nipime tena lori likiwa tupu na kontena lake mgongoni. Namba ikiwa salama, dereva anaruhusiwa kurudi peke yake karatasi zake zikikamilika. Namba ikizidi, tunatoa upepo kabla ya daraja, au kontena linabaki. Kazi yenyewe haichukui hata nusu saa.

Siku iliyofuata nilikuwa na wageni nyumbani Didia. Watu wa Kahama walikuwa wanakuja kumposa Nkwimba, na baba wa binti hawezi kukosekana siku ya maneno ya ng'ombe. Pale mgodini walichelewa kushusha. Kila nikitazama saa naona baba mkwe mtarajiwa wa Nkwimba ameshakaa kwenye kiti changu. Waliposhusha mpira wa mwisho, ubao wangu ulikuwa umeshafungwa juu ya pikapu, na kuufungua ilikuwa shida. Nikachukua daftari, nikasimama karibu na lori. Chini ya neno TUPU nikaandika mita nne na sentimita ishirini na tisa. Niliinakili namba ya mwanzo kama ilivyo.

Baba Zawadi alikuwa anakunja maturubai upande wa pili. Aliniuliza kama nimemaliza.

"Nimeshapima," nilimwambia. "Umepita ukija, utapita ukirudi."

Akanitakia posa njema. Nikaondoka.

Posa ilikwenda vizuri. Wageni wakiwa wameshanawa mikono na sisi tuko kwenye ng'ombe wa kumi na mbili, simu ikaita. Lori la Baba Zawadi lilikuwa limenasa Inama. Mbele ya kontena palikuwa pamekunjamana kama kopo la maziwa, na yeye alikuwa amepelekwa hospitali, mkono umegonga usukani na kiwiko kimevunjika vibaya. Treni zilisimamishwa mpaka mafundi wa reli wakague boriti. Nilipofika, matairi yalikuwa yametolewa upepo wote, na lori limeshavutwa. Hapakuwa tena na cha kupima. Nilisimama pale nimevaa kanzu ya posa, na nilijua papo hapo nilichokuwa nimefanya.

Mkuu wa yadi wa wakati ule, ambaye hayupo tena, aliita kikao. Alikuwa mtu wa karatasi. Alifungua daftari langu akaona safu mbili, zimejaa, namba salama. Akasema kama lori tupu lilikuwa na kimo hicho, basi dereva alishika kushoto, kwa sababu kushoto ndiko kusikopitika kwa namba hiyo. Akaniangalia mimi, mtaalamu wake, akaniuliza nathibitisha nini.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, watu watatu tu, feni inazunguka. Nikasema, "Angeshika katikati, angepita."

Ndivyo ilivyoandikwa, na chini yake nikatia sahihi. Baba Zawadi aliachishwa kazi kwa uzembe. Hakuna kampuni ya malori iliyomtaka tena, maana habari ya Inama ilifika kila yadi kabla yake.

Kabla hajatoka hospitali nilikwenda kumwona, nimebeba machungwa. Alikuwa amelala, mkono umefungwa umeinuliwa. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za Nkwimba. Kisha akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikilisikia tangu siku hiyo.

"Baba Nkwimba, kwani nilishika kushoto?"

Nikamenya chungwa. Nikamwambia, "Labda kidogo."

Kusema uongo kwa mkuu kazini ni kosa, na wengi tumelifanya. Lakini huyu alikuwa rafiki yangu, amelala kitandani, ananiomba nimsaidie kukumbuka. Mimi nikampa kumbukumbu isiyo yake. Naona aibu hata kuliandika.

Mzee Shija alikuwa ameshastaafu. Alipata habari, akaja mpaka yadi kwa baiskeli. Hakutaka chai. Aliniuliza kama nililipima lori likiwa tupu. Nikamwambia ndiyo, na nikamwonyesha daftari. Aliangalia zile namba mbili zilizofanana kwa muda mrefu. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka yote alijua kwamba lori lililoshushwa mipira ya chuma halibaki na kimo kile kile. Akafunga daftari akanirudishia, akasema ana safari. Hakuja tena yadi mpaka alipofariki, na nilipokwenda msibani nilikaa nyuma kabisa.

Baada ya hapo nikawa mpimaji mkali kuliko wote. Wengine wenu niliwarudisha mara tatu kupima lori moja, mkanisema pembeni, mkidhani ni uzee. Nikawa nawafundisha yale maneno ya mzigo na tupu kana kwamba niliyaishi. Hakuna lori lililopimwa na mimi lililogusa tena Inama, na kila nikisifiwa kwa hilo ilibidi nitoke nje kidogo.

Mwezi mmoja baada ya ninyi kuniaga, nilichukua lile daftari nikapanda basi kwenda Geita, na Geita nikapanda la Chato. Nilikuwa nimesikia kwamba Baba Zawadi anaishi kwa watu wa mkewe na ana kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na stendi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, ananyoosha spoku za gurudumu. Mkono wa kushoto haunyooki, anaushikilia karibu na kifua, na anafanya kazi karibu yote kwa wa kulia. Alinitambua kabla sijasema kitu. Aliinuka akanikumbatia kwa mkono mmoja. Akaniita Baba Nkwimba, akauliza wajukuu ni wangapi.

Na kabla sijapata pa kuanzia, ndiye aliyeniomba radhi mimi.

"Nilikuharibia jina," alisema. "Ulipima vizuri, mimi nikashika kushoto. Nimekuwa nikitaka kukwambia."

Alinieleza kwamba kila anapolala anaiona ile lami. Mwanzoni alikuwa anajiona yuko katikati kabisa, mstari uko chini ya kiti chake. Lakini kwa kuwa daftari lilisema vingine, alijilazimisha kuona vizuri, mpaka taratibu akaanza kujiona yuko kushoto. Sasa anajiona kushoto kila siku. Tangu hapo hajashika usukani, hata pikipiki hapandi isipokuwa nyuma. Zawadi, mwanawe, alipopata nafasi ya kusomea udereva wa mitambo, alimkatalia. Alimwambia kwao hawana macho ya barabara.

Nikamwambia hakushika kushoto. Nikamwambia sikupima. Nilieleza ubao uliokuwa umefungwa juu ya pikapu, wageni wa posa, namba niliyoinakili, maneno niliyosema kwenye kikao, na lile chungwa. Niliyasema yote bila kupumzika kwa sababu nilijua nikipumzika nitaanza kujitetea.

Aliendelea kushika gurudumu. Lilizunguka mpaka likasimama lenyewe. Kisha akamwita mkewe, aliyekuwa anauza maandazi kibanda cha pili, akaniambia nirudie kama nilivyosema, nisipunguze. Nikarudia mbele ya Mama Zawadi. Yeye hakunitukana, na heri angenitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama niko tayari kumwambia na Zawadi, maana yule ndiye aliyekatazwa. Nikasema niko tayari. Akasema basi nitalala kwao nimsubiri, akarudi kwenye maandazi yake kwa sababu kulikuwa na wateja.

Tulikaa sisi wawili. Baba Zawadi akasema polepole, "Kwa hiyo nilikuwa katikati."

"Ulikuwa katikati," nikamjibu.

Akafumba macho. Nadhani alikuwa anajaribu kuirudisha ile lami ya kwanza, aliyokuwa akiiona kabla sijamharibia. Sijui kama aliipata. Alipofumbua, aliniuliza kama kawaida ya mtu wa barabara.

"Sasa lilikuwa na kimo gani, likiwa tupu?"

Nilitoa daftari kwenye mfuko. Tangu siku ile ya simu sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atahitaji namba hiyo. Naweza kukadiria, miaka yangu yote inaniruhusu kukadiria, lakini yeye hakuniuliza makadirio. Nikamwambia sijui. Lori lilitolewa upepo, kontena likakatwa kuwa vyuma chakavu, na mtu pekee aliyepaswa kujua alikuwa na haraka.

Akachukua daftari akaliweka gotini, akaomba kalamu. Akaishika kwa ule mkono mbovu, labda kwa makusudi. Aliikata namba ya pili kwa mstari mmoja, polepole, ukapinda kidogo mwishoni. Akanirudishia.

Barua ya kusahihisha taarifa ya ajali nimeipeleka ofisini, imegongwa muhuri, na nakala yake anayo Zawadi. Daftari nimewaachia ninyi. Ukurasa wenyewe nimeukunja pembe ili mwupate upesi. Chini ya neno MZIGO kuna namba yangu, na hiyo ni ya kweli. Chini ya neno TUPU kuna mstari wa Baba Zawadi. Msiandike kitu juu yake.